Mkono Usiouliza

Mtaani kwetu Kanyenye, hapa Tabora, msiba ukitokea, maturubai hayajafungwa vizuri tayari kuna mtu anauliza wasifu utaandikwa na nani. Wasifu ni ile karatasi inayosomwa mbele ya waombolezaji kabla ya mazishi: marehemu alizaliwa wapi, alisoma wapi, alifanya kazi gani, alifunga ndoa lini, aliugua nini, na amewaacha akina nani. Huwezi kumzika mtu bila hiyo. Watu watavumilia chakula kuchelewa, watavumilia hata jua, lakini wasifu usiposomwa wanaondoka wakinong'ona kwamba marehemu amefukiwa. Kwa miaka kumi karatasi hiyo, katika mtaa wetu na mara nyingi hata Mtendeni, iliandikwa na mimi.

Sababu yake ilianzia Ulyankulu, Jumamosi tarehe 5 Novemba 2011, tulipomzika baba yangu. Wazazi wangu walitoka Burundi wakiwa vijana, wakalima mahindi na tumbaku huko, katika makazi ya wakimbizi, hadi uzeeni. Kijana aliyesoma wasifu wa baba alisema marehemu alizaliwa tarehe isiyojulikana, mwaka usiojulikana, na aliingia nchini mwaka usiojulikana. Mama yangu alikuwa amekaa hapo karibu, kwenye mkeka. Yeye aliujua mwaka wa kila jambo, kwa kuwa alihesabu kwa mavuno na kwa watoto aliowazaa na kuwazika, lakini hakuna aliyemuuliza, maana hakujua kusoma. Mimi nami sikujua zaidi ya kuandika jina langu. Niliachishwa shule darasa la pili ili nimbebe mdogo wangu mgongoni wakati mama akiwa shambani. Nilirudi Tabora na hasira ambayo sikupata pa kuitua, na Jumatatu tarehe 9 Januari 2012, nikiwa na umri wa miaka thelathini na sita, nikaingia darasa la watu wazima.

Tulisomea katika shule ya msingi, baada ya watoto kuondoka, tukikaa kwenye madawati yao huku magoti yakigonga mbao. Mwalimu wetu alikuwa mama mstaafu, mfupi, asiyecheka hovyo. Siku za mwanzo nilikandamiza kalamu hata karatasi ikachanika, na herufi zangu zililala upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Nikiandika sentensi nilimtazama usoni nijue kama ni nzuri. Jambo hilo lilimchosha. Siku moja alisimama mbele ya dawati langu akaniambia, "Usinitazame mimi. Iandike tena. Utaiandika mpaka mkono uache kuuliza."

Nikalichukua neno lake kama mtu achukuavyo dawa. Kila asubuhi, nikishachota maji na kabla sijapeleka chupa zangu za asali kwenye kibanda changu cha Mtendeni, nilikaa mlangoni na kuandika nyuma ya kurasa za kalenda zilizopita muda wake. Mume wangu ndiye aliyenitafutia kalenda hizo. Alikuwa mtu wa reli, katika kikosi cha kutengeneza njia. Tuliishi Kaliua, pale njia ya Mpanda inapoachana na ile ya Kigoma, hadi mwaka 2008 alipohamishiwa Tabora mjini. Yeye alisoma hadi darasa la saba. Siku za mapumziko alichukua gazeti lililofungiwa maandazi, akanisomea habari, nami nikaandika alichosoma. Nilipolalamika kwamba vidole vinauma, alisema hata nyundo ya reli ni hivyo hivyo: mwanzoni ndiyo inayokupiga wewe, baadaye mnazoeana.

Tulizoeana kweli. Mwisho wa mwaka wa pili niliweza kuandika ukurasa mzima bila kuinua kichwa. Sikufikiri tena herufi wala nukta. Sentensi ilianza na ilijua mahali pa kuishia. Hakuna chochote maishani mwangu, si ndoa wala biashara, kilichowahi kunipa fahari ya namna ile.

Hapana budi niseme hapa kwamba mimi na mume wangu hatukupata mtoto. Kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na asiye naye watu humzungukazunguka wakitafuta la kumwita. Kwa miaka mingi nilikuwa "mke wa yule wa reli". Mwezi Agosti mwaka 2013 jirani yetu alifariki, mtu wa kumwandikia hakupatikana, nikajitolea. Wasifu ulisomwa, watu wakauliza umeandikwa na nani, na kabla ya mwezi kwisha nikawa Mama Mwandishi. Sitajifanya kwamba jina lile halikunipendeza. Nilikuwa nikilisikia kutoka upande wa pili wa barabara nikapunguza mwendo ili liitwe tena.

Basi nikaandika. Niliwaandika wazee na vijana, Wakristo na hata Waislamu wachache ambao jamaa zao waliupenda utaratibu huo. Wasifu una mpangilio wake, na ndani ya mpangilio kuna maneno yanayotarajiwa. Marehemu alikuwa mcheshi, mchapakazi na mpenda watu. Aliugua kwa muda, akauguzwa kwa upendo na familia yake yote. Pengo lake halitazibika. Mlevi nilimwandika kuwa alipenda kujumuika na wenzake, na mwanamke aliyegombana na mtaa mzima nilimwandika kuwa alikuwa na msimamo. Waombolezaji walitazamana, wakainamisha vichwa kuficha vicheko, na familia ikaridhika. Niliweza kuandika huku nikiongea na mteja wa asali. Mkono wangu haukuuliza kitu.

Dalili ya kwanza kwamba kuna jambo haliko sawa ililetwa kibandani kwangu na binti mmoja tuliyekuwa tumemzika mama yake wiki chache kabla. Alinunua asali, akaifunga kwenye khanga, kisha akasimama.

"Mama Mwandishi, shikamoo tena," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Umesahau kitu?"

"Hapana. Nilitaka kusema asante kwa wasifu wa mama. Ulikuwa mzuri. Ila jana tumemzika jirani yetu wa nyuma, na yeye ukamwandika vilevile. Nikawa najiuliza ulimzungumzia nani."

Nilimjibu kwamba wote wawili walikuwa wanawake wema, na wanawake wema hufanana. Lilikuwa jibu la haraka, nalo lilitoka bila taabu, kama sentensi zangu. Nilimtazama akielekea sokoni, nikakasirika siku nzima, nami sikutaka kujua hasira ile ilikuwa ya nini.

Mume wangu alikufa kwa kisukari, Jumanne tarehe 14 Machi 2023, saa za asubuhi, hospitalini hapa mjini. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umekatwa mwaka mmoja kabla, na mwaka huo mzima nilimuuguza mimi, nikisaidiwa na majirani. Ndugu zake walikuja wakati wa upasuaji, wakakaa siku mbili, wakarudi Urambo kwa kuwa tumbaku ilikuwa inahitaji kukaushwa. Ninalisema hilo bila chuki. Tumbaku haingoji mtu.

Mara hii walikuja wote. Aliyetangulia alikuwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, mzee mwenye sauti nzito anayependa mambo yaende kwa taratibu. Nyuma yake alikuja wifi yangu, dada wa marehemu, ambaye ndiye aliyembeba mume wangu mgongoni alipokuwa mtoto. Alinisalimia kwa Kinyamwezi, mwangaluka, akaketi kwenye mkeka karibu nami, na hakusema neno jingine hadi jioni.

Kati yangu na wifi kulikuwa na jambo la siku nyingi. Jumapili ya Pasaka, tarehe 11 Aprili 2004, tukiwa bado Kaliua, yeye na ndugu wawili walikuja nyumbani kwetu wakiwa na msichana kutoka Urambo, mwenye afya njema, na begi lake mkononi. Tulikuwa na miaka minane ya ndoa. Walikuja kumwambia mume wangu aoe mke wa pili, na mke mwenyewe walikuwa wamekwisha kumleta ili kumpunguzia safari. Mimi niliambiwa nikapike. Jiko letu lilitenganishwa na sebule kwa ukuta wa mabanzi, kwa hiyo nilisikia yote, na wifi alijua kwamba ninasikia. Msichana yule aliondoka na treni ya kesho yake. Tangu siku hiyo mimi na wifi tulisalimiana kwa adabu nyingi mno.

Kwa watu wa upande wa mume wangu, mjane hashiki kazi yoyote hadi mazishi yaishe. Hapiki, hafagii, haoshi hata bakuli. Mikono yake hulala mapajani na wengine humfanyia. Nilikaa hivyo Jumanne na Jumatano nzima. Jumatano jioni shemeji aliinama mlangoni akanieleza kwamba mazishi ni kesho mchana na kwamba nisihangaike na wasifu, kwa maana kijana mmoja wa jumuiya anao kwenye simu, atabadilisha majina tu.

"Atabadilisha majina tu?" nilimuuliza.

"Ndiyo, shemeji. Wasifu ni wasifu."

"Mtaa huu wote nimeuandika mimi," nilimwambia. "Huyu mmoja mnaninyima?"

Shemeji alianza kueleza habari za mila na mikono ya mjane, taratibu, kama kawaida yake. Wifi ndiye aliyemkatisha, bila kuinua macho. "Mwache aandike," alisema. "Kwani kuandika nako ni kazi? Angekuwa anataka kulima tungemzuia."

Wanawake waliokuwa chumbani waliguna, nusu wakicheka. Sikujali. Nililetewa karatasi na kalamu, nikapewa ubao wa kukatia mboga kuwa meza, na taa ikasogezwa.

Nilianza. Nilitaka kuuandika kuliko nilivyowahi kutaka kuandika chochote. Nilitaka mtu yule niliyeishi naye miaka ishirini na saba alazwe kaburini akiwa amesemwa vizuri, na nilijua kwamba hakuna mtu Tabora nzima awezaye kumsema vizuri kuliko mimi. Mkono ukaondoka. Ukaandika kuzaliwa kwake Urambo, shule yake, kuajiriwa kwake, Kaliua, uhamisho, kustaafu, ndoa yetu ya tarehe 17 Februari 1996. Ukaandika kwamba alikuwa mcheshi, mchapakazi na mpenda watu. Ukaandika kwamba aliuguzwa kwa upendo na familia yake yote. Chai niliyowekewa ilikuwa bado inatoa mvuke nilipofika mwisho wa ukurasa. Sikuwa nimetoa chozi hata moja, na mwandiko ulikuwa umenyooka.

Wifi alinyoosha mkono, akaichukua karatasi. Alisoma hadi darasa la nne enzi hizo, naye husoma kwa kidole, akitembeza midomo. Nilimngoja kwa kiburi, ninakiri. Kidole kilishuka mstari kwa mstari, kikafika chini kabisa, kikasimama.

"Ameacha mjane, watoto," alisoma. Akasogea ili wengine wasisikie. "Wifi. Watoto gani?"

Nikaitazama karatasi. Neno lilikuwa pale, kwa mwandiko wangu bora, na mbele yake nafasi ndogo ambayo huwa ninaiacha kwa ajili ya idadi.

"Kama mlikuwa nao mkatuficha," alisema, "kesho ndiyo siku ya kuwatoa."

Niliichukua ile karatasi nikaikunja mara nne, nikaomba nyingine. Nikaanza upya, polepole, nikijilazimisha kukitazama kila kitu kabla sijakiandika. Haikusaidia. Nilikusudia kuandika jinsi alivyoniegemea begani akijifunza kutembea kwa magongo, na kabla sijapata neno la kwanza mkono ulikuwa umekwisha kuandika kwamba alivumilia maradhi kwa imani. Zile sentensi zilikuja moja baada ya nyingine na kuketi, kama watu wa kanisani wanaojua kila mmoja benchi lake. Hazikuwa mbaya. Hazikuwa za mume wangu. Nilijaribu mara ya tatu, nikaweka kalamu chini, na hapo ndipo nilipolia, na wanawake wakadhani ninamlilia marehemu.

Wifi hakudhani hivyo. Alisubiri nimalize, akaniambia, "Andika kwamba hakujaliwa mtoto, umalize. Watu walale."

Hilo nalo ni neno la kawaida katika wasifu, na nilikuwa nimeliandika kwa wengine. Lakini nililisikia kwa masikio mapya. Likisomwa mbele ya watu, yeye ambaye hakujaliwa yuko ndani ya jeneza. Wanaobaki wamekaa pale wanamtazama mjane. Lingekuwa neno la mwisho la maisha yake, nalo lingenihusu mimi. Na lingekuwa limeficha jambo ambalo alilifanya kwa hiari yake, mbele ya mashahidi, labda jambo gumu kuliko yote aliyoyafanya.

"Wifi," nilisema, "Pasaka ile Kaliua ulikuwa sebuleni. Aliwaambia nini?"

Aliukunja na kuukunjua upindo wa khanga yake.

"Unajua alichosema. Ulikuwa jikoni, umeshika mwiko huupiki ugali."

"Najua. Nataka uniambie wewe."

"Alisema," wifi alianza, na sauti yake ikabadilika, ikawa karibu ya mume wangu, ile ya pua kidogo. "Alisema, 'Ninyi mnataka mtoto. Mimi nataka chakula cha jioni na mtu wa kula naye. Ninaye. Huyu binti mpeni nauli.'"

"Basi andika hivyo."

"Mimi?" Alinitazama kana kwamba nimepandwa na wazimu. "Mimi mwandiko wangu wa kuku. Mwandishi ni wewe."

Nilimwambia kwamba mimi siwezi. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo kuhusu kuandika tangu mwaka 2012. Nilimsukumia ubao na kalamu, mikono yangu nikairudisha mapajani.

Nani angeamini kwamba mtu aweza kuandika polepole namna ile. Kila herufi aliichora kama anayefuma. Nilimtamkia aandike sentensi nzima kwa mkupuo, kama nilivyozoea, lakini yeye aliikataa nusu ya kila sentensi niliyompa. Nilipotamka kwamba marehemu alikuwa mcheshi, kalamu ikasimama.

"Nani? Huyu ndugu yangu?"

"Ndivyo inavyoandikwa, wifi."

"Inavyoandikwa kwa nani? Huyu alikuwa mkali kama pilipili mpaka apate chai. Hata utotoni. Ukimsemesha asubuhi anakung'ata."

"Basi andika hilo."

"La kung'ata?"

"La chai."

Mama mmoja aliyekuwa amelala ukutani alicheka chini ya khanga yake. Wifi akaandika la chai. Alipofika kwenye kuuguzwa, hakunitazama. Aliandika, bila kuulizwa, kwamba aliuguzwa na mkewe, nasi ndugu zake tulikuwa kwenye tumbaku. Kisha akaandika habari ya Pasaka, kama alivyoisema, pamoja na nauli. Alipomaliza, vidole vyake vilikuwa vimekakamaa akashindwa kuiachia kalamu, nikamsaidia kuitoa.

Asubuhi shemeji aliisoma karatasi mlangoni, miwani ikiwa puani. Familia yao ina desturi ya kuanza wasifu na babu wa babu yao, aliyebeba mizigo ya misafara kutoka huku Unyanyembe hadi pwani na kurudi kwa miguu yake, na wifi alikuwa ameliweka hilo mwanzoni, kwa hiyo uso wa shemeji ulikuwa na amani hadi katikati ya ukurasa. Halafu ukakunjamana. Alisema haya ya chini ni mambo ya ndani, hayasomwi mbele ya watu. Wifi akamjibu kwamba yasomwe kama yalivyo. Shemeji hakusema atasoma wala hatasoma. Aliikunja karatasi akaitia mfuko wa koti, na mimi nikaenda makaburini sijui mume wangu atazikwa na maneno gani.

Ilikuwa Alhamisi tarehe 16 Machi. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na udongo ulinata viatuni. Watu wa reli walikuja wengi, wazee wenzake wa kikosi, wamesimama pamoja upande mmoja. Shemeji alisoma vizuri, kwa ile sauti yake. Alimsoma babu mbeba mizigo, akaisoma shule, Kaliua, uhamisho, ndoa. La chai alilisoma haraka kidogo, na mmoja wa wazee wa reli akasema kwa sauti, "Kweli kabisa," watu wakacheka kwa upole. Habari ya tumbaku aliisoma huku akiinamisha kichwa. Kisha akafika pale nilipokuwa nikimngojea, akaisogeza karatasi mbali na macho, akairudisha karibu.

"Hapa mwandiko," alisema. "Hapa hapasomeki." Akageuza karatasi ili aende kwenye shukrani.

Nilifumba macho. Nilifikiri: kwa ule mwandiko wangu mzuri asingeweza kusema hivyo.

"Kaka, panasomeka," wifi alisema. Alikuwa amesimama nyuma yangu, amenishika mabega kama wajane wanavyoshikwa. "Niliandika mwenyewe. Kama huoni, nitasema."

Na akasema. Hakuwa na karatasi, wala hakuihitaji. Alisema kwamba mdogo wake hakuacha mtoto. Kwamba wao ndugu zake walikwenda Kaliua kumpelekea mke mwingine, na aliyemchukua yule mke alikuwa yeye mwenyewe aliyesimama hapo. Kisha akasema alichojibiwa, neno kwa neno. Watu hawakujua kama wacheke au walie, kwa kuwa ni maneno ambayo hayana mahali pake katika wasifu, na wao pia wana mazoea yao. Katekista alikohoa, akatangaza wimbo.

Shemeji aliondoka siku ya pili bila kuniaga. Mpaka leo akipita Tabora hafiki kwangu. Wifi alikaa hadi tulipoondoa matanga, tukagombana juu ya chumvi na juu ya namna ya kukunja mashuka, naye akapanda basi la Urambo. Hatukulizungumza jambo lile tena. Jumapili hunipigia simu kuniuliza kama nimekula.

Ningependa kuandika kwamba tangu hapo nimepona. Nilidhani nimejifunza jambo, na kwamba mtu akijifunza jambo hulitenda. Watu walianza kunijia tena mwezi Juni mwaka ule ule, maana misiba haikomi na mwandishi mwingine hakuna. Sasa huwakalisha wafiwa kwanza, nikawauliza maswali, nikasubiri kama wifi alivyosubiri. Wengine hawataki maswali. Wanataka yale maneno wanayoyajua, yenye pengo lisilozibika, kwa kuwa yanawashika mkono katika siku ambayo hakuna kingine cha kushika. Mimi ni nani niwanyime? Na hata wanaotaka, kalamu yangu huwatangulia. Ninamsikiliza mama akinieleza jinsi mwanawe alivyokuwa akitembea, naye hajamaliza, tayari nimeandika mchapakazi. Ninafuta. Ninaandika tena. Nimejaribu kuandika polepole kwa makusudi, lakini polepole ya kujitakia siyo ile ya asiyejua. Kilichonichukua miaka miwili kukitia mkononi hakitoki.

Jumatano ya wiki iliyopita alifariki fundi baiskeli wa kona yetu, mtu niliyemsalimia kila siku nikienda kibandani. Mkewe alikaa mbele yangu akaniambia mambo mengi mazuri, ya kweli, ya mtu yule tu. Niliandika karatasi mbili: ya kwanza mkono uliimaliza wenyewe, ya pili niliihangaikia nikiifuta na kuirudia. Kijana wao alipokuja kuchukua wasifu, ile ya pili ilikuwa haijafika hata kwenye ndoa, na gari la kubeba jeneza lilikuwa limekwisha kuwasha injini. Nilimpa ya kwanza. Ilisomwa makaburini, watu wakasema Mama Mwandishi hajambo, bado yupo. Ile ya pili ninayo hapa mezani ninapoandika haya. Nimeshafika mwaka alioanza ule ufundi wake, na sijui nitakapoimaliza nitampelekea nani.